Nichague programu gani ya uzamili katika taaluma za kikanda, ikiwa utafiti wangu uko Tunduma?

Mwalimu wa Vwawa

Wanajukwaa, salaam kwenu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari mkoani Songwe, nina miaka saba kazini, na nimekwisha kudokezwa kwamba nikipata nafasi ya uzamili katika mwaka ujao wa masomo, ruhusa haitakuwa tatizo. Shahada ya kwanza niliipata Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya Historia na Jiografia. Sasa nataka kuingia katika taaluma za kikanda na uhusiano wa kimataifa, na nataka utafiti wangu uuhusu mpaka wa Tunduma na Nakonde ya Zambia, ambao nimeuvuka tangu nikiwa mtoto, nikimfuata mama yangu aliyekuwa akipeleka mchele na kurudi na vitenge.

Shida yangu ya kwanza ni wingi wa programu na majina yake. Kuna uhusiano wa kimataifa, kuna diplomasia ya uchumi, kuna taaluma za maendeleo, kuna taaluma za Afrika, kuna utangamano wa kikanda, nami sielewi kama tofauti zake ni za maana au ni za maandishi ya cheti tu. Shida ya pili ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Mwezi uliopita nilikiandikia kituo kimoja cha nje ya nchi kinachofundisha masuala ya Afrika Mashariki, nikajibiwa kwa adabu kwamba wazo ni zuri lakini Zambia si eneo lao. Nikawaandikia wenzao wanaoshughulikia Kusini mwa Afrika, nao wakanijibu kwamba Tanzania si eneo lao. Nilikaa na barua hizo mbili mezani nikijiuliza kama sisi wa huku tuna eneo lolote.

Kichwa cha pendekezo langu kwa sasa ni «Athari za SADC katika uchumi wa Tanzania», yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Mwalimu mwenzangu amekisoma akaniambia ni kipana kama bonde la Usangu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii: nibaki nchini au niombe nje, nitazame nini ninapolinganisha programu, na je, nitaruhusiwaje kuwahoji watu wa upande wa pili wa mpaka?

Gangilonga

Mwalimu, kamwene. Ninafundisha chuoni hapa Iringa na nimesimamia tasnifu kadhaa za uzamili, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, ukiniwia radhi.

Nianze na barua zako mbili, kwa sababu ndizo zinazonivutia kuliko yote uliyoandika. Hao waliokujibu hawakukudharau. Wamerithi ramani ambayo hawakuichora wao. Taaluma za kikanda, kama zinavyofundishwa leo Ulaya na Marekani, zilijengwa kwa sehemu kubwa kufuata mahitaji ya dola. Marekani ilipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi mwaka 1958, muda mfupi baada ya Urusi kurusha Sputnik, na sehemu ya sita ya sheria hiyo ndiyo iliyotoa fedha za vituo vya lugha na maeneo ya dunia, Kiswahili kikiwemo baadaye. Fedha inayotolewa kwa «eneo» hulitaka eneo liwe na mipaka, na vituo vikajifunza kujieleza hivyo. Uingereza ilikuwa imefanya jambo linalofanana mapema zaidi, tena likitugusa sisi moja kwa moja.

Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Kutoka hapo Godfrey akaenda Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka 1937, ambayo mrithi wake leo ni taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii ya Chuo Kikuu cha Zambia, INESOR. Mwishoni mwa miaka ya arobaini taasisi nyingine ya utafiti wa jamii ikaanzishwa Makerere kwa ajili ya Afrika Mashariki. Basi tazama: mtafiti aliyejifunza kazi Rungwe ndiye aliyeongoza taasisi ya Rhodesia ya Kaskazini, lakini taasisi zilipokwisha kusimama, Tanganyika ikaangukia Makerere na Rhodesia ya Kaskazini ikaangukia upande wa pili, na mtu wa Tunduma akabaki kwenye mshono wa nguo. Barua zako zimetoka kwenye mshono huo. Ningekuwa wewe nisingezitupa; ningeziweka katika aya ya kwanza ya pendekezo, kwa sababu zinaeleza pengo la maarifa kuliko aya kumi za «tafiti chache zimefanyika» ninazozisoma kila mwaka.

Sasa kuhusu majina. Programu ya uhusiano wa kimataifa itakufundisha dola, mikataba, usalama na nadharia zake, na mpaka kwake ni mahali ambapo mamlaka mbili zinakutana. Programu ya diplomasia ya uchumi inamwandaa mtu wa wizara au ubalozi, nayo ni nzuri kwa kazi hiyo. Taaluma za maendeleo zitakuuliza sera inamfikiaje mwananchi, na zitakupa mbinu za hojaji na takwimu. Taaluma za Afrika au za eneo fulani zinadai lugha, historia na kukaa na watu muda mrefu. Ukisema unataka kujua kwa nini mama mwenye magunia matatu ya mchele anaamua kupita kituoni au kupita njia ya panya, hilo si swali la diplomasia, ingawa jibu lake lina mikataba mitatu ndani yake.

Nchini unazo njia za kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sayansi ya siasa, idara ya historia na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo iliyoanzishwa mwaka 1973, na historia yake katika utafiti wa eneo si ndogo: mwishoni mwa miaka ya sitini, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi wa idara ya historia walirudi vijijini kwao kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Hakuna aliyewaita watafiti wa eneo. Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Kurasini, ambacho sasa kinabeba jina la Dk. Salim Ahmed Salim, kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, na bado kina sura ya chuo cha watumishi wa mambo ya nje. Kama nia yako ni wizara, anzia huko. Kama nia yako ni utafiti, basi usiulize kwanza «programu gani», uliza «ni nani atakayenisimamia, na ameandika nini kuhusu mipaka, biashara ndogo au historia ya Nyanda za Juu Kusini». Nimeona wanafunzi wawili wa programu moja, mwaka mmoja, mmoja akatoka mtafiti na mwingine akatoka na cheti, na tofauti yao ilikuwa msimamizi.

Kichwa chako kweli ni Usangu nzima. SADC ina nchi 16, uchumi wa Tanzania una kila kitu, na «athari» ni neno ambalo mtahini hulishika shingo. Chukua bidhaa moja, kituo kimoja cha mpaka na kipindi chenye mwanzo na mwisho. Wala usidhani kwamba kupunguza eneo ni kupunguza umataifa wa jambo. Fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe linakaa Kalenga, mwendo mfupi kutoka hapa nilipo, lakini huwezi kuandika ukurasa mmoja juu yake bila kufungua kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza, na bila kueleza kwa nini lilirudi mwaka 1954 tu.

Makambako Njia Panda

Naheshimu maelezo ya Daktari hapo juu, lakini naomba niulize swali la mtu mwenye familia. Mwalimu akirudi na uzamili wa uhusiano wa kimataifa, atapandishwa daraja kwa shahada hiyo au ataambiwa haihusiani na somo analofundisha? Ninamfahamu mtu aliyesoma miaka miwili kwa mkopo wa benki, akarudi katika darasa lilelile, kwa mshahara uleule, na chaki ileile. Ulizia kwa maandishi kabla ya kuondoka, na ujibiwe kwa maandishi. Kwa chuo cha nje, hakikisha mapema kwamba shahada yake itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, maana kutafuta utambuzi baada ya kurudi ni kazi nyingine ya kuzungushana. Mwenye Historia akisoma uzamili wa Historia, hata kama tasnifu yake ni ya mpaka, nadhani anakuwa salama zaidi kazini kuliko mwenye jina jipya kwenye cheti.

Wakala Mstaafu, Tunduma

Mwanangu Mwalimu, mimi si msomi wa vyuo. Nimekuwa wakala wa forodha hapa Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwaachia vijana ofisi, na nimewaona watafiti wengi wakija na karatasi zao. Wengi walihoji malori. Malori yanapendeza kuhesabu, yamepanga foleni, na dereva hana pa kwenda. Lakini mpaka huu ni wa watu wa miguu na wa baiskeli vilevile, na hao hawana foleni.

Ngoja nikueleze jambo ambalo nimelieleza mara nyingi bila kuona likiandikwa vizuri. Mama wa Namanga anayepeleka bidhaa Kenya, ikiwa ni bidhaa ya humu Afrika Mashariki na thamani yake haizidi dola 2,000, anaweza kupewa cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, palepale mpakani. Kule kusini, Zambia na Malawi ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, nazo zina utaratibu wao wa biashara iliyorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mama wa Tunduma hayumo huku wala kule. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinachotuunganisha na Zambia ni SADC, na cheti cha uasilia cha SADC nimekijaza miaka yote: ni karatasi ya mwenye kampuni, si ya mwenye magunia matatu. Basi huyo mama anafanyaje? Anampa kijana wa baiskeli, au anaunganisha mzigo na wenzake chini ya jina la mmoja wao, au anapita anapojua. Wenye ofisi wanaita magendo. Wengine wanapita hivyo kwenda kwa shangazi yao, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili na walikuwepo kabla ya kituo.

Kituo cha pamoja kilifunguliwa Oktoba 2019 na marais wawili, Magufuli na Lungu. Utaratibu wake ni kwamba anayetoka Tanzania hasimami upande wetu. Anavuka na kuhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde, na anayetoka Zambia anahudumiwa huku. Kwa malori ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mama niliyemtaja sina hakika kama palibadilika kitu, na hapo ndipo ningependa msomi akae, ahesabu na aniambie kama nimekosea.

Tena kumbuka Aprili 2025, serikali yetu ilipozuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini kwa sababu nchi hizo zilikuwa zimezuia mazao yetu. Katazo lilidumu kwa siku chache tu, kisha likaondolewa. Zote tatu ni nchi za SADC. Ukitaka kujua mkataba una nguvu kiasi gani, nenda Kasumulu, mpakani na Malawi, ukawaulize waliokuwa na mzigo njiani wiki ile, usiwaulize waliokuwa kwenye mkutano.

Jambo la mwisho: usije na kalamu mkononi siku ya kwanza. Watakudhani ni mtu wa kodi.

Binti wa Tukuyu

Shikamoo Mzee Wakala, na salaam kwa wote. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu katika taaluma za Afrika, nchini Ujerumani, na nyumbani ni Rungwe. Nitazungumzia upande wa nje, kwa sababu Mwalimu ameuliza na hakuna aliyeugusa.

Vituo vya nje havifanani. Leiden, Uholanzi, kituo chao kilianzishwa mwaka 1947, na faida yake kubwa machoni pangu ni maktaba, pamoja na uzamili wa utafiti wa miaka miwili ambao unakupa muda wa kukaa uwandani; uzamili wa mwaka mmoja, ambao ndio wa kawaida Uingereza, utakurudisha nyumbani kabla hujamaliza kusoma orodha ya vitabu. SOAS ya London ina historia ndefu ya kufundisha Kiswahili. Bayreuth, Ujerumani, ina shule ya uzamivu ya taaluma za Afrika iliyoanza mwaka 2007 na mtandao wa utafiti unaoshirikiana na vyuo vya Afrika, Moi ya Eldoret kikiwemo, na kuna kongamano la Kiswahili ambapo unaweza kuwasilisha mada kwa lugha yako mwenyewe bila kuomba radhi. Uppsala, Sweden, Taasisi ya Afrika ya nchi za Nordiki haitoi shahada, lakini hupokea watafiti wageni, kwa hiyo iweke akilini kwa baadaye. Usiisahau Makerere: taasisi ileile aliyoitaja Daktari, leo ikiitwa MISR, ilianzisha mwaka 2012 programu ya uzamivu yenye masomo ya darasani ya miaka kadhaa, ikikusudia hasa kwamba mtafiti wa Afrika afundwe Afrika. Iko karibu, na msosi wake hautakuua.

Kwa mipaka mahsusi, tafuta kazi za Profesa Anthony Asiwaju wa Nigeria, aliyeandika juu ya Wayoruba waliogawanywa kati ya Waingereza na Wafaransa, na mtandao wa watafiti wa mipaka ya Afrika uitwao ABORNE, uliodumu tangu 2007. Ndani ya mtandao huo hakuna atakayekuambia Zambia si eneo lake, maana eneo lao ndilo hilo la katikati.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, nawe unao, na inakutaka urudi nyumbani. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, ina ufadhili wa kusoma katika vyuo vya Afrika penyewe, ambao watu wengi hawauangalii kwa sababu hauna ndege ya Ulaya ndani yake. Fulbright ya Marekani ina programu ya kuwapeleka walimu kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo katika vyuo vya Marekani. Haikupi shahada, lakini kwa mwalimu ni mlango. Fedha za vituo vya maeneo huko Marekani zilitikisika mwaka 2025, kwa hiyo usiliamini tangazo la zamani. Soma la mwaka huu.

Kuna jambo moja la uchungu ambalo sitaki ulikute bila kuonywa. Katika mradi mmoja niliowahi kushiriki, sisi tuliotoka eneo la utafiti tulikuwa tukipewa kazi ya kuhoji na kutafsiri, na waliotoka kwingine wakapewa kazi ya kufikiri. Niliandika kurasa zaidi ya mia mbili za mahojiano ya Kinyakyusa, na katika makala jina langu likawa katika shukrani. Siku hizi, kabla sijakubali chochote, ninauliza nani atakuwa mwandishi na sauti zilizorekodiwa zitahifadhiwa wapi. Uliza swali hilo kwa barua pepe, kabla ya viza.

Na kwa kuwa wewe ni mwanahistoria: nyaraka za mpaka wako hazikai mahali pamoja. Za Wajerumani ziko Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa na nyingine ziko Berlin, nyingi kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani vijana hawausomi. Za wamisionari Wamoravia, waliofika Rungwe mwaka 1891, ziko Herrnhut, Ujerumani. Za upande wa pili ziko Lusaka, na Zomba kwa Malawi. Programu ambayo haina fedha ya kukufikisha angalau kwenye mbili kati ya hizo, ifikirie mara mbili, hata kama jina lake ni kubwa.

Mwalimu wa Vwawa

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu yote mara mbili na mama yangu nimemsomea lile la Mzee Wakala. Amecheka, akasema «huyo anatujua». Amenieleza pia jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: kwamba miaka yote ile hakuwahi kuvuka na magunia yake mwenyewe. Alikuwa akivuka mikono mitupu na mzigo unamtangulia.

Nimeandika upya kichwa: «Cheti cha uasilia na wafanyabiashara wadogo wa mchele katika mpaka wa Tunduma na Nakonde, 2000 hadi 2019». Mwanzo ni mwaka ambao Tanzania ilijitoa COMESA, mwisho ni kufunguliwa kwa kituo cha pamoja. Kwa ushauri wa ndugu wa Makambako, nimemwandikia mwajiri kuuliza kuhusu daraja, na ninaelekea kuomba uzamili wa Historia nchini, huku nikiomba pia ufadhili wa DAAD. Kusoma nje nitakufikiria wakati wa uzamivu, Mungu akipenda.

Yamebaki mawili. La kwanza ni vibali vya pande mbili. La pili linanisumbua zaidi: mama yangu na wenzake ndio ninaotaka kuwahoji, na wanayofanya yanaitwa magendo. Nikiandika, je, siwachongei?

Gangilonga

Mwalimu, kichwa sasa kina miguu. Nina shaka moja tu: ukiishia 2019 hutaweza kujibu swali la Mzee Wakala, la kama kituo cha pamoja kimembadilishia mama huyo chochote. Songa hadi 2025 na utapata pia lile katazo la mazao, ingawa lenyewe lilihusu Malawi, kwa hiyo litumie kama mfano wa pembeni na usiliache likale tasnifu.

Vibali. Kwa raia anayesoma nchini, chuo chako kitakupa barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Songwe, naye atakuandikia kwenda ngazi ya wilaya, na kutoka hapo utashuka hadi kwa mtendaji wa kata. Usiruke ngazi yoyote, hata kama mtendaji ni binamu yako. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali kwa watafiti wageni, kwa hiyo ukijiunga na mradi wenye mgeni ndani yake utakutana nayo. Nakonde wewe ndiye mgeni: omba kuhusishwa na Chuo Kikuu cha Zambia, na INESOR ndipo mahali pa kuanza kubisha hodi. Kama utagusa Kasumulu upande wa Malawi, wenye mamlaka ni Tume yao ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Anza miezi sita kabla, na weka gharama za vibali katika bajeti, kwa sababu wanafunzi wengi huzisahau kisha wakahoji upande mmoja tu na kuuita mpaka.

Kuhusu mama yako na wenzake, wasiwasi wako ni wa haki, nami ningekuwa na mashaka na mwanafunzi ambaye hana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana nawe pia unaporekodi sauti ya mtu. Usiandike jina, usiandike njia anayopita, usiandike siku. Andika anachokokotoa: gharama ya karatasi, muda, aibu ya kutojua kusoma fomu ya Kiingereza, hasara ya mzigo uliokamatwa. Hayo hayamfungi mtu, na ndiyo yanayoeleza mkataba. Weka orodha ya majina halisi mbali na daftari la mahojiano, na baada ya kutetea tasnifu uichome. Na mama yako usimhoji wewe. Mwombe mwenzako amhoji, kisha usome kama unavyowasoma wengine. Katika sura ya mbinu utamke wazi kwamba umelelewa na biashara hiyo. Mtahini atakuheshimu zaidi kuliko ukificha.

Andika pendekezo la kurasa tatu, si thelathini, unitumie kwa ujumbe wa faragha kabla hujamwandikia msimamizi yeyote. Nitalirudisha na wino mwekundu.

Wakala Mstaafu, Tunduma

Nami nina madaftari yangu ya miaka ile, ya mizigo niliyoitolea hati, bidhaa kwa bidhaa, kuanzia 1998. Majina ya wateja nitayafunika kwa karatasi. Mengine njoo ukae usome hapa hapa ofisini, kijana wangu atakupikia chai. Daftari halitoki nje ya mlango.